Moshi Ukipotea Machoni Haujaisha

Leo tunazungumza juu ya moshi. Najua kuna atakayesema, "Sista, moshi tunaujua, si jambo geni." Kweli unaujua. Unaujua ule unaowasha macho na kukufanya ukohoe. Leo nataka tuzungumze juu ya ule mwingine, ambao umeshapotea machoni na puani, lakini bado uko hewani na bado unaingia kifuani mwa mtoto.

Nianze na swali nililoulizwa na mama mmoja wa Kangemi. Alikuja kliniki na mtoto wa miezi minane aliyekuwa akikohoa. Katika mazungumzo nilimuuliza kama mtoto hukaa penye moshi. Akaniambia, "Sista, mimi napika kwa gesi. Baba yake havuti sigara. Nyumba yetu iko mbali na barabara. Huo moshi utatoka wapi?"

Siku hiyo foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa kifupi. Siwezi kusema kwamba kikohozi cha mtoto yule kililetwa na moshi. Vikohozi vingi vya watoto huletwa na virusi. Lakini swali lake lilikuwa zuri, na linastahili jibu kamili. Hili ndilo jibu.

Moshi ni nini?

Moshi una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni chembe ndogo ngumu au za majimaji: masizi, majivu, matone ya lami na mafuta. Sehemu ya pili ni gesi na mvuke, ambao hauonekani. Kuni, makaa, takataka, petroli na dizeli vyote hutoa sehemu zote mbili.

Chembe zinazotutia wasiwasi zaidi ni zile zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Mikromita moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chukua unywele wako mmoja. Ukizipanga chembe hizo kwenye upana wa unywele huo, zitaenea karibu 30. Kwa sababu ya udogo wake, vinyweleo vya pua haviwezi kuzizuia. Hupita kooni, hushuka hadi kwenye vifuko vidogo vya hewa ndani ya mapafu, na nyingine huingia katika damu.

Meta mia moja kutoka barabarani

Mwezi wa Julai 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, walipima chembe hizi hapa Nairobi. Kwenye kijia cha waenda kwa miguu katikati ya jiji, wastani wa mchana ulikuwa mikrogramu 98.1 katika kila meta moja ya ujazo ya hewa. Mashambani, nje ya jiji, ulikuwa 10.7.

Kisha walifanya jambo jingine. Walipima kando ya makutano makubwa ya barabara, wakaenda wakipima kufuata upande upepo unakoelekea. Penye makutano walipata 128.7. Meta 100 mbele walipata 18.7.

Hapo mama unaweza kufurahi na kusema, kumbe nikikaa meta 100 kutoka barabarani nimepona. Ni kweli kwamba umejikinga sana, na nitalirudia jambo hili mwishoni. Lakini jiulize: ule moshi mwingine ulikwenda wapi? Haukuzama ardhini. Ulitawanyika. Ulichanganyika na hewa nyingi zaidi, ukapanda juu, ukaendelea na safari. Hata ile 18.7 si hewa safi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2021, linashauri wastani wa siku nzima usizidi 15, na wastani wa mwaka mzima usizidi 5.

Tazama ukuta wa jikoni

Moshi ukiwa safarini haubaki vile ulivyotoka. Unabadilika. Wanasayansi husema moshi unazeeka. Ili ulielewe jambo hili huna haja ya maabara. Tazama ukuta ulio nyuma ya jiko lako.

Unapokaanga chapati au mandazi, mvuke wa mafuta hupanda. Hauuoni vizuri. Lakini ukifika kwenye ukuta wenye ubaridi, huganda. Siku za kwanza ule utandu ni mwepesi, ukiupangusa kwa kitambaa unatoka. Uache miezi mitatu. Utaukuta umekuwa wa njano au kahawia, unanata, na hata sabuni haiutoi kwa urahisi. Ni mafuta yale yale, ila yamekaa yakikutana na hewa, yakashika oksijeni, yakageuka kuwa kitu kingine.

Hivyo ndivyo inavyotokea angani, ila angani ni haraka zaidi, kwa sababu kuna jua. Mwanga wa jua ukiigonga gesi ya ozoni penye unyevu hewani, hutokea kitu kidogo sana kiitwacho haidroksili. Maisha yake hayafiki sekunde moja. Lakini katika muda huo hukivamia chochote kilicho karibu na kukibadilisha. Kikiugonga mvuke wa mafuta, wa petroli au wa kuni, huufanya ushike oksijeni. Mvuke ulioshika oksijeni huwa mzito, hauwezi tena kuelea peke yake kama gesi, basi hutua juu ya chembe za masizi zilizo karibu na kuganda hapo. Kwa njia hiyo gesi isiyoonekana hugeuka kuwa chembe. Usiku pia moshi hubadilika, safari hii kwa nguvu ya gesi nyingine zinazotokana na moshi wa magari.

Kwa hiyo moshi unaweza kutoka kwenye bomba la matatu ukiwa na chembe chache na mvuke mwingi, na saa chache baadaye ukawa na chembe nyingi kuliko ulizoanza nazo. Wakati huo umeshatawanyika, harufu imepungua, na macho hayawashi tena.

Jambo hili limeonekana hapa hapa Afrika. Septemba 2000, ndege ya utafiti ya Uingereza iliruka ndani ya moshi wa moto wa shambani karibu na Otavi, nchini Namibia, kisha ikaufuata moshi huo ulipokuwa ukipeperushwa na upepo. Vipimo vilionyesha kwamba ndani ya saa chache moshi ule ulikuwa umebadilika, haukuwa mweusi kama ulivyoanza. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba vitu vingine vilikuwa vimeganda juu ya masizi. Usidhani kwamba moshi uliopungua weusi umepungua ubaya.

Wanauhesabuje?

Huenda unajiuliza watu wanajuaje mambo haya, na moshi wenyewe hauonekani. Wanapima, na pia wanahesabu kwa kompyuta. Nitakueleza kwa mfano wa chama.

Katika chama, mweka hazina ana daftari. Anaandika kilichoingia, kilichotoka na kilichobaki. Wanasayansi nao huigawa anga katika visanduku vya kufikirika, kisanduku kando ya kisanduku, na kingine juu yake. Kwa kila kisanduku huandika: moshi gani umeingia kutoka magarini, jikoni, viwandani na kwenye takataka zinazochomwa, upepo umeleta kiasi gani na umeondoa kiasi gani, mvua imeosha kiasi gani. Kompyuta hupiga hesabu ya kila kisanduku, dakika baada ya dakika. Mwishoni hulinganisha hesabu na vipimo vya kweli.

Kwa muda mrefu hesabu hizo zilikuwa zikitoa jibu dogo kuliko vipimo. Katika Mexico City, jiji lililo nyanda za juu kama Nairobi, vipimo vya mwaka 2003 vilionyesha chembe zilizotengenezwa angani zikiwa mara kadhaa zaidi ya zile zilizotabiriwa. Kosa lilikuwa nini? Ni kama mweka hazina aliyeandika mkopo akasahau riba. Hesabu nyingi za zamani zilichukulia kwamba chembe za moshi zikishatoka kwenye bomba hubaki vile vile. Hazikuhesabu vizuri kile kinachoongezeka njiani.

Mwaka 2006, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, huko Pittsburgh, Marekani, walipendekeza njia bora. Fikiria kabati lenye droo nyingi. Droo ya chini ina vitu vizito ambavyo haviruki hata kwenye joto. Droo ya juu ina vile vinavyopeperuka upesi kama petroli iliyomwagika. Kila kitu kilichomo katika moshi huwekwa kwenye droo yake. Kila kikigongwa na kushika oksijeni, huhamishwa droo, mara nyingi kuelekea chini. Wakati mwingine kitu huvunjika vipande vyepesi, vikarudi juu. Kompyuta hufuatilia uhamisho huo.

Mwaka 2007 walieleza jaribio lao. Waliingiza moshi wa injini ya dizeli ndani ya chumba maalumu na kuwasha taa zenye mwanga kama wa jua. Katika muda wa saa chache chembe ziliongezeka sana, kuliko hesabu za zamani zilivyoweza kueleza. Riba ilikuwa imepatikana.

Upepo wa Nairobi unaelekea wapi?

Sasa turudi Kangemi kwa yule mama. Kwa sehemu kubwa ya mwaka, upepo wa Nairobi hutoka upande wa mashariki. Kuanzia karibu Novemba hadi Machi hutoka kaskazini-mashariki, na miezi mingine hutoka zaidi kusini-mashariki. Maana yake ni kwamba hewa inayopita juu ya Industrial Area na katikati ya jiji huelekea upande wetu wa magharibi: Westlands, Lavington, Kawangware, Kangemi, Dagoretti, Uthiru, na mbele hadi Kikuyu.

Tufanye hesabu ndogo. Kutoka katikati ya jiji hadi Kawangware ni kama kilomita 8 ukienda moja kwa moja kama ndege arukavyo. Tuseme upepo unakwenda kilomita 8 kwa saa. Moshi uliotoka kwenye matatu za Tom Mboya Street saa nne asubuhi unafika Kawangware saa tano. Uthiru unafika kama saa tano na nusu. Njiani jua lilikuwa kali, na moshi wa Waiyaki Way na wa Naivasha Road umejiunga nao. Haufiki ukiwa ule ule. Unafika umetawanyika, umeanza kuzeeka, na hauna harufu ya kukuonya.

Na wageni wengine hutoka mbali zaidi. Kuanzia Mei 2008 hadi Aprili 2010, watafiti walikusanya sampuli 780 za chembe kutoka sehemu mbili za Nairobi, moja ya mjini na nyingine ya viungani. Wastani wa mjini ulikuwa mikrogramu 21, na wa viungani 13. Karibu robo tatu ya chembe zilihusiana na magari na vumbi. Lakini ndani yake walikuta pia mchanganyiko wa moshi wa kuni na majani, chembe zilizotengenezwa angani, na chumvi ya bahari iliyozeeka. Hebu fikiria, chumvi ya bahari, hapa Nairobi! Imesafiri mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, ikibadilika njiani. Ikiwa chumvi inaweza kufika, moshi hauwezi? Chembe hizi huweza kukaa angani kwa siku kadhaa, hata wiki, hadi mvua izioshe.

Basi mama, moshi wako ulitoka huko. Nyumba iliyo mbali na barabara ni bora, na gesi ni bora, lakini hata ile 13 ya viungani ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha mwaka cha Shirika la Afya Duniani. Hewa haina ua wala lango.

Kwa nini mtoto aumie zaidi?

Kwanza, mtoto mdogo anapumua mara nyingi zaidi kuliko mtu mzima, hivyo kwa uzito wake huvuta hewa nyingi zaidi. Pili, mapafu yake bado yanakua, na njia zake za hewa ni nyembamba. Uvimbe mdogo ambao kwako ni kikohozi tu, kwake unaweza kuziba njia. Tatu, kinga yake ya mwili bado ni changa.

Na kuhusu moshi uliozeeka, majaribio mengi ya maabara, ingawa si yote, yameonyesha kwamba ukishashika oksijeni huwasha na kuumiza seli za mapafu zaidi kuliko ulipokuwa mpya. Pafu lililowashwa hupoteza nguvu ya kupigana na vijidudu. Hapo ndipo nimonia hupata mlango. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa ndani ya nyumba pekee karibu unazidisha mara mbili hatari ya mtoto kupata ugonjwa huo.

Wewe unaweza kufanya nini?

Huwezi kuuzuia upepo wala kufunga barabara. Lakini yako mambo yaliyo mikononi mwako.

La kwanza, usiongeze moshi mpya juu ya ule wa zamani. Usichome takataka, hasa plastiki. Jirani akichoma, zungumza naye kwa upole, au mlizungumze katika chama au baraza la mtaa. Takataka zinazochomwa Dagoretti leo jioni hazimalizikii Dagoretti.

La pili, kama unatumia jiko la makaa, liwashie nje hadi moshi uishe, na upikie mahali penye hewa. Usilale na jiko la makaa ndani ya nyumba hata kama ni Julai na baridi ni kali. Makaa mekundu yasiyo na moshi hutoa gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Ukipika kwa gesi, bado fungua dirisha unapokaanga.

La tatu, chagua saa. Usiku wa baridi, hewa ya karibu na ardhi hupoa, na hewa yenye joto hukaa juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, hufungiwa chini ya kifuniko hicho, na vivyo hivyo jioni magari yakiwa mengi na kila nyumba ikipika. Kama una safari ya kawaida na mtoto, kama vile chanjo, ni bora utoke baada ya saa tatu. Lakini mtoto akiwa mgonjwa usingoje saa yoyote.

La nne, chagua njia. Kumbuka zile meta 100. Pita vijia vya ndani badala ya kando ya barabara kubwa. Ukingoja matatu, simama mbali na mabomba ya moshi. Kumfunika mtoto uso kwa leso hakuzuii chembe hizi, na kunaweza kumzuia kupumua vizuri.

La tano, jenga kinga ya mtoto. Mnyonyeshe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza. Mpeleke chanjo zote. Chanjo ya nimonia hutolewa Kenya tangu 2011, katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tazama kijitabu chako cha kliniki uone kama zote tatu zimeandikwa.

Hesabu pumzi za mtoto

Hili naomba ulishike hata ukisahau mengine yote. Mtoto akikohoa au akipumua kwa shida, mwache atulie, mfunue kifua, uhesabu pumzi zake kwa dakika moja nzima. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Usihesabu akiwa analia au ananyonya.

Mtoto wa chini ya miezi miwili: pumzi 60 au zaidi ni hatari.

Mtoto wa miezi miwili hadi kabla ya mwaka mmoja: pumzi 50 au zaidi ni hatari.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi kabla ya miaka mitano: pumzi 40 au zaidi ni hatari.

Ukipata hesabu hiyo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Na kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi, kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, au amelegea na haamki vizuri, nenda mara moja, iwe mchana au usiku. Usimpe dawa ya kikohozi ya dukani ukangoja kesho.

Yule mama wa Kangemi nilimfundisha kuhesabu siku ile ile, pale pale kwenye benchi. Tulihesabu pamoja tukapata 38. Hakuwa na dalili ya hatari, akarudi nyumbani na mtoto wake akijua la kutazama.

Tukumbuke basi. Moshi ukipotea machoni haujaisha, umetawanyika na unabadilika. Jua linaweza kuugeuza mvuke kuwa chembe. Upepo huleta moshi wa jiji hadi viungani. Tusiongeze mwingine. Na mtoto akikohoa, tuhesabu pumzi.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Sisi walezi tuongeze kwamba hata pasipofuka, moshi waweza kuwapo. Mwambie jirani yako uliyoyasoma leo, na umfundishe kuhesabu.